Stabilizateri ya upinde: shauri lililotoka Bagira likafika Kentucky

BAGIRA, Bukavu – Hapa Bagira neno stabilizateri linajulikana na kila mwenye televisheni. Ni kile kisanduku kinachokaa kati ya plagi na chombo, ili umeme ukipanda ghafla usiunguze kitu. Ndiyo maana mama mmoja wa hapa, aliposikia kwa simu kwamba mwanawe aliye Marekani anatafuta stabilizateri, na kwamba ile nzuri inafika dola 120, aliuliza papo hapo: kumbe hata huko umeme unasumbua? Kijana akacheka sana. Yeye alikuwa anasema kijiti kinachofungwa mbele ya upinde wa kuwindia.

Kicheko hakikudumu upande wa Bagira. Tangu Februari 2025, benki za Bukavu zilipofunga milango, pesa za ndugu walio ng'ambo zinaingia kwa simu, na anayezitoa anakatwa sehemu yake. Katika nyumba ile wanakula watu kumi na mmoja: mama, watoto wanne, na jamaa ya watu sita waliokimbia kutoka upande wa Kabare vita vilipofika Kavumu. Dola 120 kwao ni maharagwe, ni unga, ni ada ya shule. Kuzifunga mbele ya upinde, mama alisema, ni mambo ya watu walioshiba. Na kijana naye alikuwa na neno lake. Aliondoka Bukavu miaka zaidi ya kumi iliyopita, akakaa kambini Nakivale, Uganda, kisha akapelekwa Lexington, katika jimbo la Kentucky, ambako Kiswahili cha Wakongo kinasikika madukani na makanisani. Anafanya kazi usiku katika ghala la mizigo. Dada yake alikuwa angali Nakivale akingoja safari ya kumfuata, na mlango wa wakimbizi ulipofungwa Marekani Januari 2025, safari hiyo ilikwama. Wenzake wa kazini walimwalika kuwinda paa. Tangu amefika huko, alisema, ni mara ya kwanza mtu kumwita mahali ambapo si kazi wala ibada.

Mambo yangeishia hapo, kila mmoja na hasira yake, kama si mzee mmoja kati ya wale wageni sita. Mzee huyo ni Mutwa. Alizaliwa kando ya msitu wa Kahuzi, akajifunza upinde kwa baba yake akiwa bado mtoto. Yafaa kusemwa wazi: Mutwa akiwa mgeni katika nyumba ya mji, mara nyingi anaombwa kuchota maji na kupasua kuni. Kuombwa shauri ni nadra. Siku ile yeye mwenyewe ndiye aliyeomba, kwa sauti ya chini, aonyeshwe huo upinde.

Kijana akatuma video. Mzee aliitazama mara tatu, akimaliza mega za mwenye simu. Alichokiona hakikufanana na kitu chochote alichowahi kushika: chuma katikati, magurudumu madogo kwenye ncha zote mbili, nyuzi zinazokatizana, kifaa cha kulengea kilichobanwa ubavuni, na mishale minne iliyopangwa kwenye podo lililofungwa juu ya upinde wenyewe. Upinde wa namna hii ulibuniwa na Mmarekani wa jimbo la Missouri, Holless Wilbur Allen, aliyepewa hati yake mwaka 1969. Faida yake iko kwenye magurudumu. Upinde wa kawaida unazidi kuwa mzito kadiri unavyouvuta. Huu wa magurudumu unakuwa mzito katikati ya safari, kisha ukifika mwisho unalegea. Ule wa kijana unavutwa kwa uzito wa kama kilo 27, lakini ukishavutwa wote, vidole vinabaki na kilo tano au sita hivi. Mwindaji anaweza kungoja paa ageuke bila mkono kutetemeka mapema.

Lakini kulegea kwa uzi hakuondoi shida ya mkono wa mbele, ule unaoshika upinde. Chuma chote kile, pamoja na podo na kifaa cha kulengea, kinakaribia kilo tatu, na kinabebwa mbele ya bega lililonyooshwa. Hapo ndipo shida ya kijana ilipokuwa. Nukta ya kulengea ilikuwa ikicheza juu ya shabaha kama inzi juu ya chungu. Tena upinde wake ulikuwa unainamia kulia. Kifaa cha kulengea kina tone dogo la hewa ndani ya maji, sawa na pimamaji ya waashi, ile wanayoiita nivo, na kila akivuta, tone linakimbia pembeni. Muuzaji wa dukani alimwambia dawa ni stabilizateri. Akamwonyesha za namna tatu, na bei tatu.

Stabilizateri, kwa maneno ya kawaida, ni fimbo yenye uzito kwenye ncha, inayoingizwa kwa skrubu kwenye tundu lililo mbele ya mshikio wa upinde. Iliyoieneza ni kazi ya mtu mwingine wa Missouri, Earl Hoyt, tangu mwaka 1961. Inafanya mambo mawili. La kwanza, inanywa sehemu ya mtetemo pale uzi unapoachiwa, hasa ikiwa na kipande cha mpira, na hivyo upinde unapunguza kelele. La pili ndilo kubwa: inaufanya upinde uwe mgumu kugeuka. Mtu akishika jembe kwenye ncha ya mpini na kujaribu kuligeuza huku na huku, anahisi chuma kinakataa. Akishika karibu na chuma, linageuka kama kijiko, na uzito ni uleule. Umbali ndio uliobadilika. Wajuzi wa hesabu wanasema uzito uleule ukisogezwa mbali mara mbili, ugumu wa kugeuka unapanda mara nne.

Wavuvi wa sambaza wa Ziwa Kivu hawakungoja hesabu hiyo. Mitumbwi yao mitatu wanaiunganisha kwa miti mirefu inayotokeza mbali pande zote, na ziwa likichafuka usiku chombo chote kinakaa. Mtu anayetaka kueleza stabilizateri kwa mtoto wa Bukavu amwonyeshe miti ile.

Kwa hiyo, je, ile ndefu kuliko zote ndiyo bora? Muuzaji alikuwa na fupi ya sentimita 15, mpira mwingi, uzito kidogo, bei chini ya dola 40. Alikuwa na ya sentimita 25 hadi 30, fimbo yake ya kaboni na uzito wa chuma kwenye ncha, ndiyo hiyo ya dola 120. Na alikuwa na jozi: ndefu mbele, nyingine fupi inayorudi nyuma upande wa kushoto, kusudi ipingane na vitu vilivyobanwa kulia. Hiyo ilipita dola 200. Wale wanaoshindana kwa kupiga shabaha uwanjani wanatumia fimbo ndefu zaidi hata hizo, karibu urefu wa mkono wa mtu mzima au kupita, lakini wao wamesimama mahali palipofyekwa na hawatembei na chombo porini.

Mzee hakujibu juu ya bei. Aliuliza, kupitia ujumbe wa sauti ambao binti wa nyumba alimshikia simu:

«Mwanangu, huko unawindia wapi? Umesimama chini au umepanda mti? Mbele yako kuna vichaka? Unatembea muda gani ukiwa na hicho chuma mkononi?»

Jibu lilikuja kesho yake, maana kijana alikuwa kazini. «Papa, napanda kwenye kiti kilichofungwa mtini, kuna matawi mengi. Natembea kama nusu saa kufika.»

Maswali hayo ndiyo kazi yote ya kuchagua, ingawa hayamo kwenye karatasi ya duka. Anayekaa juu ya mti kati ya matawi, fimbo ndefu itamgongea tawi wakati mbaya kabisa, pale anapogeuka taratibu kumfuata mnyama. Anayekaa ndani ya kibanda cha turubai, itashika dirisha. Anayetembea milima kutwa atalaani kila gramu. Bali yule anayengoja mbali, penye uwazi, na kupiga umbali mrefu, urefu na uzito vitamlipa.

Halafu mzee alitoa jaribio ambalo halina gharama. Kijana ashike chupa ya maji ya nusu lita kwa mkono wake wa upinde, aunyooshe mbele, ahesabu polepole mpaka bega lianze kupanda kuelekea sikio. Kisha anywe nusu ya maji, apumzike, ahesabu tena. Pale bega linapokaa chini kwa muda anaohitaji kungoja, hapo ndipo uzito wake ulipo. Gramu mia mbili na hamsini za maji si sawa kabisa na chuma kilicho kwenye ncha ya fimbo, lakini jaribio linaonyesha jambo ambalo wauzaji hawapendi kulisema. Uzito unatuliza upinde mpaka kiwango fulani. Ukipita hapo, mkono unachoka, na nukta inaanza kucheza upya, safari hii kwa kuanguka chini. Mtu mwenye bega la kupakia mizigo na mtu mwenye bega la kuandika hawanunui stabilizateri moja. Ya jirani si kipimo.

Jaribio la pili alilifanya kijana mwenyewe kwa kuambiwa na rafiki yake wa kazini, na mzee akalikubali. Unaweka mshale, unasimama mbele ya shabaha iliyo karibu, unafumba macho, unavuta, unatulia, kisha unafumbua bila kuachia. Ukikuta tone la pimamaji limekimbia upande uleule kila mara, upinde wako umeelemea upande. Onyo moja la mzee linafaa kila mtu: uzi usiachiwe kamwe bila mshale. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale inarudi ndani ya upinde. Wa mti unapasuka, na wa chuma pia unaweza kuvunjika mkononi.

Kijana alikuta tone linakimbia kushoto, mara tano kwa tano. Ilionekana jozi ya dola 200 ndiyo dawa. Hapo mzee akauliza swali lililobadilisha hesabu yote.

«Hiyo mishale kwa nini inakaa juu ya upinde? Upinde ni wa kupiga. Mishale ni ya mgongo.»

Kijana akafungua podo, akalitundika kwenye tawi karibu na kiti. Mishale minne na kasha lake vilikuwa vyote upande wa kulia. Tone likarudi karibu na katikati. Haikugharimu hata faranga. Bado kulikuwa na kifaa cha kulengea kinachovuta kidogo, lakini sasa ilikuwa kidogo kweli. Pinde nyingi za kisasa zina podo linalotoka kwa kubonyeza tu, na wawindaji wengi hulitoa wakishafika mahali pa kungojea. Ajabu ni kwamba wengine wananunua uzito wa kushoto ili kupingana na uzito wa kulia ambao wangeweza kuutoa.

Lilibaki jambo la mkono. Katika video moja mzee aliona vifundo vya vidole vya kijana vimekuwa vyeupe. Alikuwa anaukaba upinde. Mkono unaokaba unapinda upinde pale uzi unapoondoka, na hakuna fimbo itakayorekebisha hilo kabisa, itapunguza tu. Mzee alitaka kuonyesha jinsi ya kushika, na maneno hayakutosha. Akaenda nyuma ya nyumba, akatafuta kijiti kinachopindika na uzi wa gunia, akatengeneza upinde mdogo usiozidi urefu wa mkono. Binti akamrekodi: kiganja wazi, upinde umeegemea kwenye nyama iliyo chini ya kidole gumba, vidole vimelegea kama anashika kifaranga.

Katika video hiyohiyo alieleza juu ya mshale. Sehemu kubwa ya utulivu, kwake yeye, iko kwenye mkia wa mshale. Jambo hilo linajulikana sehemu nyingi. Wambuti na Waefe wa msitu wa Ituri, kwa mishale yao midogo ya sumu, wanapasua mkia wa kijiti na kupitisha jani humo, na jani linaufanya mshale uende sawa bila kupiga kelele. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, wanafunga manyoya ya ndege, na pinde zao ngumu zinatumia uzi wa kano za wanyama. Hakuna hata mmoja wao aliyefunga fimbo mbele ya upinde. Wanapiga wakiwa karibu, wanavuta na kuachia mara moja, upinde ni mwepesi, hauna magurudumu wala kifaa cha kulengea kinachotaka kungojewa kitulie. Stabilizateri ni jibu kwa shida iliyoletwa na chuma. Mwenye chuma anaihitaji kweli. Hakuna haja ya kumcheka.

Video ilipokwisha kutumwa, mama alimwomba mzee avunje ule upinde mdogo kabla ya jioni. Hakusema sana. Kila mtu Bukavu anajua kwamba siku hizi kitu chenye umbo la silaha, hata kama ni cha kuchezea, kinaweza kuleta maswali usiku. Mzee aliuvunja kwenye goti lake, akautia chini ya sufuria ya maharagwe. Uzi wa gunia akauweka mfukoni.

Alikuwa ameshazoea. Mbuga ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970 ikiwa na kilomita za mraba 600, ikapanuliwa mwaka 1975 kufika 6,000. Batwa waliokuwa wakiishi katika msitu wa juu waliondolewa, na uwindaji wao ukawa kosa. Mzee alikuwa mvulana wakati huo. Upinde wa baba yake ulikaa darini miaka kadhaa, halafu siku moja haukuwepo. Unesco iliandika mbuga hiyo kwenye urithi wa dunia mwaka 1980, kwa sababu ya sokwe wakubwa na misitu yake, na ni kweli sokwe hao wanahitaji ulinzi, hakuna anayebisha. Ila mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega, na ikataka warudishiwe ardhi zao na kulipwa fidia. Vita vya 2025 viliwakuta wengi wao bado wanangoja.

Kwa hiyo mzee alitaka kujua mambo ya karatasi huko Kentucky kuliko mambo ya kaboni. Kijana alimweleza. Msimu wa upinde kwa paa unafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba na kufungwa Jumatatu ya tatu ya Januari. Unalipia leseni ya kuwinda na kibali cha paa. Aliyezaliwa tangu 1975 lazima asome kwanza darasa la uwindaji na kufaulu. Ukiwinda kwenye shamba la mtu, unaomba ruhusa ya mwenyewe. Mzee alinyamaza kidogo, akauliza: «Na wewe, mgeni, walikuuzia kibali?» Akaambiwa ndiyo, kama mtu mwingine yeyote. Hakuongeza neno, akaomba simu irudishwe kwa mwenyewe.

Kijana alinunua, mwishoni, ya sentimita 25, iliyotumika, kwa dola 45. Ina uzito wa chuma wa aunsi sita kwenye ncha, yaani kama gramu 170, na kipande cha mpira nyuma yake. Alikuwa ameijaribu dukani akiwa amevaa koti lake la baridi, kwa kuwa koti linabadilisha bega. Aunsi mbili alizitoa baada ya wiki, mkono ulipomwambia. Ile jozi hakuigusa tena. Dola 75 zilizobaki kutoka kwenye zile 120 alizituma Bagira, na mama akagawa: kiasi kwa shule, kiasi kwa chakula, na mega kwa simu, ambazo safari hii mzee naye alihesabiwa haki yake.

Septemba yote kijana hakupata kitu. Oktoba alivuta mara moja, paa akawa mbali kuliko umbali aliojizoeza, akarudisha uzi taratibu bila kupiga. Ujumbe wa siku hiyo mzee aliusikiliza mara mbili na kusema huyo sasa anajua. Wengine nyumbani hawakuelewa anasifu nini, kwa vile nyama haikupatikana.

Desemba, kulipokuwa kunapambazuka Kentucky na Bagira ikikaribia saa tisa za mchana, simu ililia. Paa dume, mita kumi na nane. Hakwenda mbali. Mama aliuliza kilo ngapi, na kama nyama inaweza kukaushwa na kutumwa. Watoto walitaka picha ya pembe. Mzee alingoja mpaka wote wamalize.

«Mshale uliingia wapi?»

«Nyuma ya bega, Papa.»

«Na mishale mingine ilikuwa wapi?»

«Juu ya tawi.»

Mzee akarudisha simu kwa binti, akaenda kumalizia kuni.